Mchungeni Moyo Wake

Shangazi alishuka kwenye basi la Nairobi akiwa amebeba maneno ya daktari kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Hakuyatoa stendi. Hakuyatoa njiani, ingawa nilimwuliza mpaka nikachoka. Aliyatunza hadi akina mama wa kanisa walipofika kwetu, wakapata viti, wakapewa chai. Ndipo akafungua kitambaa cha kichwa, akakifunga upya, akakohoa kidogo kama mtu anayetaka kusoma Injili.

"Daktari mkubwa amesema hivi," akatangaza. "Huyu msichana, mchungeni moyo wake."

Akina mama wakaguna kwa pamoja, lile guno refu la watu ambao walikuwa wanajua siku zote.

"Si nilisema?" mmoja akarukia. "Si nilisema ni yule mwalimu?"

"Alisema pia mambo ya presha, Anti," dada yangu akasema kutoka mlangoni. Alikuwa bado amesimama, mkoba mkononi, amechoka na safari hadi sauti haitoki vizuri. "Na chumvi. Na mafuta. Mimi nilikuwa navaa nguo nyuma ya pazia lakini nilisikia."

"Hayo ni ya mwisho mwisho," Shangazi akamkata. "La maana ni moyo. Keti, usisumbue moyo."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Miaka imepita, mimi mwenyewe nimekua, na bado nikikumbuka ile chai nasikia hasira ikinipanda mpaka kwenye masikio. Ningependa kuwaonea huruma wale akina mama, kwa sababu mimi ni mtu wa huruma, hata kuku akichinjwa mimi hugeuka nikaangalia kando. Lakini wale, la. Wale nawacheka.

Lazima nieleze neno lenyewe, maana msiba wote ulikuwa kwenye neno. Sisi kwetu Migwani tunazungumza Kikamba kwanza, Kiswahili baadaye, na kwa Kikamba moyo ni ngoo. Ngoo ni kile kinachodunda kifuani. Ngoo pia ni mapenzi, ni hasira, ni majonzi, ni ubahili, ni kila kitu ambacho mtu anaweza kuwa nacho bila kukionyesha. Ukisema ngoo inakuuma, hakuna mtu atakayekuuliza inauma upande gani. Atakuuliza ni nani amekuudhi. Na Kiswahili chetu tulikitengeneza kwa kufuata Kikamba, basi nacho kikapotelea palepale.

Dada yangu alikuwa fundi wa nguo. Alikuwa na cherehani ya kukanyaga kwa mguu kwenye veranda ya duka moja sokoni, na nguo zake zilijulikana hadi Mwingi, hasa gauni za harusi. Mimi nilikuwa nimetoka shule kidato cha pili, ada iliposhindikana, nikawa nasuka watu nywele kando yake chini ya veranda hiyo hiyo. Mama na baba walikuwa wamekufa tukiwa wadogo na Shangazi ndiye aliyetulea, jambo ambalo alilitaja kila alipotaka kushinda mjadala. Mimi sikujali. Nilikuwa na mipango yangu. Nilishapita Kibwezi mara moja, nikaona yale magari ya Mombasa yanavyosimama, abiria wanashuka wamejaa vumbi na nywele zimesimama, nikajiambia hapa ndipo nitakapofungua saluni, yenye kioo cha ukuta mzima na maji ya bomba, na dada atakuwa chumba cha pili anashona. Nilikuwa nimeshachagua hata rangi ya mapazia.

Kisha uso wa dada ukageuka.

Ulianza kama wekundu kwenye mashavu, ukavuka juu ya pua, ukakaa pale kama kipepeo aliyetua akakataa kuondoka. Vidole vikavimba asubuhi. Akawa anachoka kabla ya saa nne. Akikaa kwenye jua, na jua la kwetu mnalijua, jioni anakuwa na homa. Akanunua mwavuli mweusi, akawa anatembea nao wakati wa kiangazi chenyewe, wakati hakuna hata wingu la kubahatisha.

Watu wenye akili wangesema, huyu ni mgonjwa. Watu wetu wakasema amejichubua. Wakasema ni krimu za Nairobi, alitaka kuwa mweupe kwa sababu anaolewa na mwalimu, sasa zimemchoma. Wapita njia walimwona na mwavuli wakamwita "Memsahibu." Mzee mmoja, tena mzee wa kanisa, alimsimamisha sokoni akamwambia afunge huo mwavuli, anafukuza mvua. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu kabla mwavuli haujanunuliwa, lakini mzee wa kanisa hapimi mambo hivyo.

Yule mwalimu, mchumba wake, alifanya alichofanya. Alikuja na binamu yake, akasimama nje, akasema familia yake inaomba muda wa kutafakari. Alikuwa mtu wa kuvaa tai juu ya shati la mikono mifupi, na kalamu nyekundu mfukoni hata siku ya Jumapili, asije akakutana na kosa akakosa cha kulisahihisha. Alitafakari mwaka mzima. Nasikia alitafakari sana na binti wa mwenye posho mill, ile mashine ya kusaga unga.

Dada hakulia hata siku moja. Mimi ndiye niliyelia. Yeye alisema, "Afadhali. Shingo yake ni fupi, kola zake zilikuwa zinanisumbua kushona."

Nairobi ndiko walikoupa ugonjwa jina. Lupus. Shangazi alilileta nyumbani likiwa limekunjika kidogo njiani: lupasi. Na akina mama waliposikia lupasi, mnafikiri walisema nini? Wakageuza macho yote kwa pamoja kwenye pasi ya makaa ya dada yangu, pale mezani.

"Si ndiyo hiyo!" wakasema. "Anainamia pasi siku nzima, mvuke unampiga usoni!"

Pasi ikafungiwa kwenye sanduku. Gauni za harusi zikaanza kutoka kwa fundi zikiwa na makunyanzi, na ugonjwa ukaendelea vilevile.

Alipewa vidonge. Vidonge hivyo vilimsaidia sana, sitaki mtu anielewe vibaya. Viungo vililegea, homa ikapungua, akarudi kwenye cherehani. Lakini vilimvimbisha uso ukawa mviringo kama sahani, na mwili ukaongezeka. Kwetu mtu akinenepa ni habari njema. Waliokuwa wanamwita Memsahibu wakaanza kumpongeza. "Umenawiri!" "Umepona kabisa, ona mashavu!" Mmoja alinivuta pembeni kuniuliza ni vidonge gani hivyo, binti yake ni mwembamba sana hapati mtu. Mimi nilimwambia vinapatikana bure, lakini kwanza lazima ushikwe na ugonjwa. Akanikasirikia wiki nzima. Nilifurahi.

Sasa, kumchunga moyo. Shangazi aliunda sheria. Ya kwanza, mgonjwa asipewe habari mbaya. Wakati wa matangazo ya vifo redio ilizimwa, na ilizimwa hata wakati wa bei za mahindi, kwa sababu nazo zilikuwa mbaya. Mbuzi wetu alipokufa, dada aliambiwa mbuzi ameenda kwa jirani.

"Ameenda kufanya nini?" dada akauliza.

"Kutembea tu," Shangazi akasema bila hata kupepesa macho.

Jirani mwenyewe alipofariki baada ya hapo, dada aliuliza kama yeye naye ameenda kwa mbuzi. Tulicheka hadi machozi, mimi na yeye, tukiwa tumejifunika shuka ili Shangazi asisikie. Maana kucheka sana pia kulikuwa kumepigwa marufuku. Moyo unatikisika.

Sheria ya pili, alishwe vizuri ili moyo ufurahi. Akina mama wa kanisa walijipanga zamu. Huyu analeta samli. Huyu analeta nyama ya kukaanga inaogelea. Huyu anamwaga chumvi kwenye muthokoi mpaka mahindi yenyewe yanashtuka, kwa sababu mgonjwa hana ladha mdomoni. Dada alipojaribu kusema kwamba daktari alikataza, waliangaliana wakatabasamu lile tabasamu la kumwonea mtu huruma. Wakasema, "Kula, mwanangu. Mafuta hulainisha moyo."

Mimi nilikuwa nakula yale mafuta kwa niaba yake ilipowezekana. Ndiyo maana nina umbo hili.

Maumivu yalianza msimu huo huo. Nyumba yetu ilikuwa chini kidogo ya soko, na kutoka kwetu hadi verandani kuna kilima ambacho si kirefu. Mbuzi hukipanda akitafuna. Siku moja tulikuwa tunapanda tukizungumza, mimi nikimweleza habari za mapazia ya Kibwezi, dada akasimama. Akaweka mkono katikati ya kifua, akafumba macho. Kajasho kembamba kakatoka juu ya mdomo.

"Nini?"

"Moyo unaniuma," akasema. "Kama mtu amenikalia. Mpaka kwenye taya."

Akapumzika, kukatulia, tukaendelea. Kesho yake palepale. Kesho kutwa palepale. Tukikaa verandani, hakuna kitu. Tukishuka, hakuna kitu. Tukipanda, mtu anamkalia.

Nikamwambia Shangazi. Akaitikia kwa kichwa, polepole, kwa uchungu. "Anamkumbuka," akasema.

"Anti, anamkumbuka vipi kwenye kilima tu?"

"Labda walikuwa wanapitia hapo."

"Anashika taya, Anti!"

"Ndiyo. Ni ya kuzuia kilio."

Mnaona mtu niliyekuwa naye? Ukimletea jiwe anakuambia limeumbwa kwa machozi. Nilimwambia mwalimu hayuko kwenye kilima, mwalimu yuko kwenye posho mill. Akanifukuza jikoni.

Tulikwenda kituo cha afya, mimi na dada. Bwana aliyekuwa zamu alikuwa na koti jeupe na meno mazuri. Dada akamwambia moyo unamuuma akipanda kilima. Yule bwana akacheka. Hakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, alicheka kwa upole kabisa.

"Una umri gani, mrembo? Ugonjwa wa moyo ni wa wabunge. Ni wa watu wenye Mercedes na vitambi. Wewe unakula muthokoi, huo moyo utauguaje?"

"Nina lupus," dada akasema.

"Hiyo ni ya ngozi na viungo," akasema yule bwana, na akampa vidonge vyeupe vya kutafuna vya tumbo. "Gesi tu hiyo. Na uache mawazo."

Niliuliza kama gesi inajua kilima kilipo. Akasema nimekosa adabu. Labda.

Wakati sisi tunatafuna dawa ya gesi, akina mama walikuwa wanafanya mkutano. Walikuwa wameamua kwamba kama moyo ndio unauma, na anayeuumiza anajulikana, basi aletwe. Wakaenda kama ujumbe, kwa miguu, wakiwa wamevaa sare za kikundi, hadi shuleni kwa mwalimu. Sijui walimwambia nini. Nadhani walimwambia anaua mtu. Mwanamume akiambiwa anaua mwanamke kwa kutokuwepo, anapenda sana kusikia. Na binti wa posho mill, tulikuja kujua, alikuwa tayari amepata mwingine.

Mwalimu akaja Jumamosi mchana. Dada hakuambiwa, ili iwe furaha ya ghafla. Alirudi kutoka sokoni amebeba kitambaa cha mtu begani, amepanda na kushuka mara mbili siku hiyo kwa sababu ya mteja mkorofi, akakuta nyumba imejaa sare, mandazi, na tai ile ile juu ya mikono mifupi.

Alinigeukia. Sitasahau yale macho. Nilitikisa kichwa: si mimi.

Akakalishwa. Mwalimu akasimama.

"Mimi, kama mwalimu," akaanza, "na kama mtu ambaye ametafakari..."

"Amina," wakasema akina mama.

"...nimeona kwamba uso wa mtu si mtu. Mtu ni tabia. Ingawa uso nao una nafasi yake."

"Amina!"

"Na ninaona ya kwamba uso wenyewe umepata nafuu, umejaa."

Hapo ndipo dada alipoweka kikombe chini. Alikiweka vibaya kikaanguka, chai ikamwagika juu ya kitambaa cha mteja, na yeye hakukiangalia. Fundi yule ambaye tone la maji likigusa kitambaa angepiga kelele. Mkono ukaenda kifuani. Kisha taya. Jasho likamtoka usoni kote, si lile jembamba la kilimani, jasho la mtu aliyemwagiwa maji. Machozi yakamtoka.

"Analia!" mmoja akapiga kelele. "Moyo umefunguka!"

Shangazi akapiga kigelegele. Wote wakasimama wakaanza wimbo wa shukrani, makofi, na mwalimu akatoa kitambaa mfukoni akajifuta macho yeye mwenyewe.

Uso wa dada ulikuwa umegeuka rangi ya jivu. Nilipita katikati yao nikamshika. Mkono wake ulikuwa baridi kama ametoka kufua.

"Anti, huyu anakufa!"

"Nyamaza!" Shangazi akaninong'oneza kwa ukali, huku bado anapiga makofi. "Unataja kifo mbele yake? Moyo wake utasikia!"

Mnaelewa? Mtu alikuwa anakufa mbele yao na ilikuwa mwiko kumwambia.

Nikatoka mbio. Kilima kile nilikipanda bila kukiona. Sokoni kulikuwa na mfanyabiashara mmoja Mwislamu kutoka Mwingi, wazee wake walitoka pwani, ambaye huleta unga kwa pikapu kila Jumamosi. Nilimkuta anashusha magunia.

"Mzee, naomba gari! Dada anaumwa moyo!"

Akanitazama, akaweka mkono kifuani kwa heshima. "Pole, binti yangu. Nimesikia habari za yule mwalimu. Lakini atasahau, bado kijana."

Hata yeye! Nilitaka kulia na kucheka pamoja. Nikashika shati lake, jambo ambalo halifai.

"Kifua, mzee! Kifua kinambana, jasho linamtoka, amekuwa kijivu, hawezi kupumua!"

Akaangusha gunia.

"Hayo maradhi hayo!" akasema. "Mbona waniambia mahaba? Panda!"

Tulipofika nyumbani walikuwa ubeti wa pili. Yule mzee aliingia na viatu, akamwangalia dada mara moja, akamwinua pamoja nami kama kitambaa. Shangazi akakimbilia mlango wa mbele wa gari, akimvuta mwalimu kwa mkono.

"Huyu akae naye mbele," akasema. "Huyu ndiye dawa."

"Mwalimu," mzee akasema, "panda nyuma na unga."

Na mwalimu akapanda nyuma na unga. Alipofika hospitali alikuwa mweupe kuliko krimu zote walizomsingizia dada yangu.

Sitasimulia sana ile njia. Nilimshikilia kichwa. Aliniuliza kama kitambaa cha mteja kimeharibika, nikasema hakijaharibika, nikaona kwamba nami sasa nadanganya kama wao, nikasema kimeharibika, nitakilipia. Akasema, "Tumia maji ya chumvi, si sabuni." Nikajua bado yupo.

Hospitalini tulipokewa na msichana mdogo mwenye stethoskopu. Shangazi akamwambia, "Sista, mwite daktari." Msichana akasema, "Mimi ndiye." Akamlaza dada, akampa hewa ya mtungi, akampa kidonge cha kuweka chini ya ulimi na kingine cha kutafuna, akamwekea nyaya kifuani, mashine ikachora milima yake kwenye karatasi. Akaitazama muda mrefu. Kisha akatutazama sisi.

"Ana ugonjwa gani mwingine?"

"Lupasi," Shangazi akasema. "Lakini shida yenyewe ni mchumba. Amesharudi, yuko hapo nje, ana unga tu."

Daktari akanigeukia mimi. Nikasema: lupus, anameza vidonge vya steroidi, anaumwa akipanda kilima, akipumzika inaisha, leo haikuisha.

"Na hamkuambiwa Nairobi?"

"Tuliambiwa!" Shangazi akasema kwa kuumia. "Tuliambiwa tumchunge moyo. Tumemchunga! Hajasikia habari mbaya hata moja. Amekula samli mpaka ya wageni."

Yule daktari alifumba macho kidogo. Kisha akavuta kiti, akakaa karibu na Shangazi, na akaongea polepole. Alisema kwenye lupus askari wa mwili wanamgeukia mwenye nyumba. Wanapiga ngozi, wanapiga viungo, wanapiga figo, na wanapiga mishipa ya damu kwa ndani, hata mishipa midogo inayolisha moyo wenyewe. Mishipa ikipigwa hivyo, mafuta hushika humo mapema. Msichana kama huyu anaweza kuwa na mishipa ya bibi kizee. Vidonge vinamsaidia na asiviache kwa kujiamulia, lakini navyo hupandisha presha na mafuta ya damu, ndiyo maana chumvi ipunguzwe, mafuta yapunguzwe, presha ipimwe, na akiumwa kifua aletwe siku hiyo hiyo. Leo sehemu ndogo ya moyo imekosa damu. Akiwa na bahati, itabaki ndogo.

"Moyo huu," akasema, na akagusa kifua cha Shangazi, chini ya beji ya kikundi. "Huu wa nyama. Hata kama hajawahi kumpenda mtu maishani mwake."

Shangazi aliweka kiganja juu ya ile beji, akakiacha hapo.

Dada alilazwa muda mrefu. Mimi nililala chini ya kitanda chake kwenye khanga, na mchana nilimsuka. Nywele zake zilikuwa zimepungua mbele, ugonjwa huo huondoa nywele pia, na nilisuka zile zilizobaki taratibu sana, mistari miembamba, kwa vidole tu bila kitana, na kila zilizobaki mkononi nilizificha mfukoni. Alijua. Aliniambia, "Kibwezi utanishonea wigi." Mimi nikasema yeye ndiye fundi. Basi tukakubaliana tutashirikiana.

Akina mama walikuja siku ya kutembelea wagonjwa, na sare. Mmoja alileta nyama ya kukaanga kwenye sufuria iliyofungwa kwa leso. Nesi aliichukua mlangoni bila maneno, na jioni nilimwona anaila na wenzake. Heri yao.

Mwalimu naye akaja. Alisimama miguuni pa kitanda, kalamu mfukoni, akasema kwamba licha ya haya yote, na baada ya kutafakari zaidi, yuko tayari.

Dada alimtazama kwa upole. Ni mtu mpole kuliko mimi.

"Mwalimu, ahsante," akasema. "Lakini nimekatazwa kubeba vitu vizito."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka mpaka akaomba maji. Mwalimu aliondoka akiwa bado anatafuta kosa la sarufi.

Siku ya kliniki ya kwanza, baada ya kutoka wodini, Shangazi alikwenda mlangoni kwa daktari kama kawaida yake, mkoba kwapani, tayari kubeba maneno. Nikamshika mkono nikamkalisha kwenye benchi. Nikamwambia nitaingia mimi. Nilifikiri atanipiga. Akakaa.

Tuliingia. Presha ilikuwa imeshuka kidogo. Moyo ulikuwa umebaki na kovu, na daktari alisema kovu hilo halitaondoka, ila tunaweza kuzuia lingine. Cherehani aruhusiwe, kwa muda mfupi mfupi. Kilima apande polepole na apumzike katikati. Nilimwuliza daktari arudie, akarudia, nami nikarudia mbele yake mpaka akasema basi, inatosha.

Nje, Shangazi alikuwa bado pale pale kwenye benchi, amenyooka.

"Amesema nini?"

Nikamwambia. Nilianza na chumvi, nikaenda mafuta, nikaenda vidonge, nikaenda kifua. Nikamwambia, sasa sema wewe.

"Mimi?"

"Wewe, Anti."

Watu kwenye benchi wakageuka. Shangazi akafungua kitambaa cha kichwa, akakifunga upya. Akasema yote. Alikosea kidogo kwenye mafuta, akataka samli ya Jumapili iruhusiwe, nikamrudisha. Alirudi. Dada alikuwa amekaa kando yake, mwavuli magotini, anasikiliza na kutabasamu upande mmoja.

"Na mchumba?" Shangazi akauliza kwa sauti ya chini. "Hakumtaja?"

"Hakumtaja."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Anti."

Akafikiri. Akavuta pumzi.

"Haya," akasema. "Sema tena ile ya chumvi."